Usimamizi wa Seva Pepe: Nasaha kwa Mwenye Kushika Paneli

Katika miaka hii imeenea desturi, miongoni mwa shule, vyama vya akiba na mikopo, maduka yauzayo kwa simu, na hata zahanati, ya kukodi seva pepe katika nchi ya mbali na kuitawala kwa ukurasa mmoja ufunguliwao katika kivinjari, ukurasa ambao mafundi huuita paneli. Na kwa kuwa ukurasa huo una vitufe vichache, na kazi iliyokuwa ikitaka chumba cha baridi na fundi wa kukesha sasa hutimia kwa kubofya mara tatu, wengi hudhani kuwa shughuli imekwisha pale seva inapowaka. Makala haya nawaandikia wale waliokwisha kuiwasha, au waliomo mbioni kuiwasha, na ambao wamekabidhiwa amana ya watu wengine: daftari za wanachama, alama za wanafunzi, hesabu za wateja. Neno langu kwao ni moja, nami nitalieleza kwa urefu: mamlaka ya kweli juu ya seva hayamo ndani ya seva, yamo katika paneli, na kwa hiyo hadhari iliyo kubwa kuliko zote haina budi kuelekezwa huko.

Seva pepe ni kompyuta isiyo na mwili wake yenyewe. Mashine moja kubwa hugawanywa na programu maalumu katika sehemu nyingi, kila sehemu ikajiona kuwa ni kompyuta kamili yenye prosesa, kumbukumbu na diski. Ubunifu huu si wa jana: kampuni ya IBM iliutangaza kwa wateja wake mwaka 1972 katika mfumo ulioitwa VM/370, na programu ya KVM, ambayo leo hubeba seva nyingi za kukodi duniani, iliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007. Lililo muhimu kwa msomaji ni natija ya mpango huo. Yule aliye juu ya mgawanyo, yaani mwenye paneli, aweza kuizima seva bila ya kuiomba ruhusa, kunakili diski yake yote, kubadili nenosiri la mtumiaji mkuu, kuiwasha kwa mfumo wa uokozi na kusoma mafaili yake, au kuifuta isibaki hata alama. Kufuli zote zilizofungwa ndani ya seva hazimhusu, isipokuwa mafaili yaliyosimbwa kwa ufunguo usiohifadhiwa humo.

Waliolijua hilo kwa uchungu ni watu wa kampuni ya Code Spaces, iliyokuwa ikiwahifadhia waandishi wa programu kazi zao juu ya seva za Amazon. Mnamo Juni 2014 mhalifu alipata njia ya kuingia katika paneli ya akaunti yao, akaacha ujumbe wa kudai fedha. Na wenyewe walipoanza kubadili manenosiri ili wamtoe, yeye alikuwa amekwisha kujitengenezea njia nyingine za kuingilia, akaanza kufuta: seva, diski, snapshoti (yaani picha za diski za papo hapo) na nakala za akiba, kwa kuwa karibu vyote vilitawaliwa kutoka mahali pale pale. Baada ya saa 12 sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa imetoweka, na kampuni ikatangaza kuwa haiwezi tena kuendelea na biashara. Zingatia kwamba nakala za akiba walikuwa nazo. Kilichowaponza ni kwamba nakala hizo na vitu vilivyonakiliwa vilikuwa chini ya mkono mmoja.

Basi la kwanza la kuuliza, kabla ya kuuliza seva ina nguvu kiasi gani, ni hili: akaunti imeandikwa kwa jina la nani? Aghalabu katika miji yetu fundi kijana huifungua kwa barua pepe yake mwenyewe, hulipa kwa kadi yake mwenyewe, na taasisi humrudishia fedha mwisho wa mwezi. Mambo huenda vyema maadamu pana maelewano. Lakini siku fundi anapohama, anapogombana na wakubwa, au anapofikwa na mauti, taasisi hugundua kuwa mbele ya mpangishaji aliyeko Ujerumani au Marekani yenyewe haijulikani kabisa, kwani mpangishaji humtambua mwenye barua pepe na mwenye kadi tu. Hali hiyo haitofautiani na shamba ambalo jamaa wote wamelilima na kulipalilia, ilhali hati yake imeandikwa jina la kibarua. Simlaumu fundi, maana mara nyingi yeye ndiye aliyesaidia wakati ambapo hapakuwa na mwingine ajuaye la kufanya. Wa kulaumiwa ni bodi iliyoona ankara zikipita miaka nenda miaka rudi isiulize.

Akaunti na ifunguliwe kwa anwani ya barua pepe ya taasisi, isiyo ya mtu binafsi, na yenye kusomwa na watu wawili. Hapa pana mtego unaowanasa hata wajuzi: barua pepe hiyo isiwe imehifadhiwa juu ya seva ile ile inayotawaliwa na akaunti hiyo, wala domeni yake isisajiliwe mahali ambapo hapafunguki ila kwa barua hiyo hiyo, kwani seva ikianguka, barua huanguka nayo, na ujumbe wa kurudishia nenosiri hautakuwa na mahali pa kufikia. Uthibitisho wa hatua mbili uwekwe siku ile ile ya kwanza, na uwe wa programu ya simu au kidude cha ufunguo, usiwe wa ujumbe mfupi, madhali namba ya simu yaweza kuhamishiwa laini nyingine kwa hila. Misimbo ya uokozi ambayo paneli huitoa ichapwe katika karatasi, itiwe bahasha, na ifungiwe katika kasha pamoja na hati nyingine za taasisi. Kila anayeingia awe na jina lake na mipaka ya ruhusa zake: karani wa hesabu aone ankara asione kitufe cha kufuta, mwandishi wa programu aweze kuwasha na kuzima, asiweze kubadili njia ya malipo. Fauka ya hayo pana tokeni, yaani zile herufi ndefu ambazo programu huzitumia kuiamuru paneli bila ya mtu kuwapo. Tokeni haiulizwi hatua ya pili. Mwenye kuipata ndiye mwenye paneli kwa kiasi cha ruhusa iliyopewa, na kwa hiyo isiandikwe kamwe ndani ya mafaili ya programu yanayopelekwa katika hazina za pamoja, bali ipewe ruhusa ndogo iwezekanayo na tarehe ya kufa.

Kuhusu mahali pa kuiweka seva sitasema mengi. Nuru husafiri ndani ya nyuzi za kioo kwa kadiri ya kilomita 200,000 kwa sekunde, nazo kebo zitokazo pwani yetu hupita Bahari ya Shamu kabla ya kufika Ulaya. Ndiyo sababu ombi kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt na jawabu lake huchukua kwa kawaida zaidi ya milisekunde 100, muda usiomkera msomaji wa habari lakini umkerao mhasibu ambaye programu yake huiuliza hifadhidata maswali arubaini kwa kila ukurasa. Vituo vya Afrika Kusini, ambako Microsoft ilifungua mwaka 2019 na Amazon mwaka 2020, ni karibu zaidi katika ramani. Hata hivyo, Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, na waliokuwa na seva huko walikuwa miongoni mwa walioteseka. Jambo jingine lisilotaka kuachwa ni sheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote zina masharti juu ya kuzipeleka taarifa za watu nje ya nchi. Mwenye kuhifadhi habari za wagonjwa au wakopaji na amwulize mwanasheria kabla ya kubofya jina la mji.

Katika ukubwa, anza na kidogo. Kumbukumbu na prosesa huongezwa na kupunguzwa baada ya kuizima seva kwa dakika chache, lakini diski kwa wapangishaji walio wengi huongezeka tu, haipungui. Kwa hiyo paneli inapokuuliza kama wataka kukuza vyote au kumbukumbu na prosesa peke yake, chagua la pili, ili ubaki na njia ya kurudi. Na mfumo wa uendeshaji uwe wenye umri mrefu: Ubuntu 24.04, mathalan, iliyotoka Aprili 2024, imeahidiwa masahihisho ya usalama kwa miaka 5, ilhali CentOS 7, ambayo bado ipo katika seva nyingi zilizosahauliwa, ilifikia mwisho wake tarehe 30 Juni 2024.

Seva mpya ikishapata anwani ya IP, haipiti hata saa nzima kabla ya wageni wasioalikwa kuanza kuijaribu kwa manenosiri. Nao si watu, ni programu zinazozunguka anwani zote za dunia usiku na mchana. Weka ufunguo wa SSH, ile njia ya kuiingia seva kutoka mbali, katika paneli kabla ya kuiunda seva, ili izaliwe nao, kisha ukataze kabisa kuingia kwa nenosiri. Halafu panga ukuta wa moto ulio katika paneli yenyewe, hata kama una mwingine ndani ya seva. Sababu yake inastahili kuelezwa, maana wengi huona kuwa ukuta wa ndani unatosha. Programu ya Docker, inapofungua poti kwa ajili ya kontena, hujiandikia kanuni zake ambazo ukuta wa ndani uitwao ufw hauzioni, na poti ya hifadhidata uliyodhani umeifunga ikawa wazi kwa ulimwengu. Lakini ukuta wa paneli hukaa nje ya seva, na kilichozuiwa huko hakifiki kabisa. Na poti iliyo wazi si jambo dogo: Januari 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa bila kinga zilifutwa na wahalifu walioacha barua za kudai fidia. Waachie walimwengu poti za tovuti, 80 na 443. Zile za hifadhidata, 3306, 5432 na 27017, zisijulikane na yeyote asiye seva yako nyingine.

Poti ya 22, ambayo ndiyo ya SSH, ina kadhia yake. Vitabu hushauri iruhusiwe kwa anwani maalumu tu, na kwa mtu wa ofisi yenye anwani isiyobadilika ushauri huo ni mwema. Lakini kwetu sisi, ambao wengi wetu tunaingia mtandaoni kwa vifurushi vya simu, anwani hubadilika pengine kabla ya jua kuchwa, na mwenye kufuata kitabu bila ya kutazama hali yake hujifungia nje. Kwa mtu huyo ni afadhali apite kwanza katika VPN, au aiache poti wazi kwa funguo tu na programu ya kuwazuia wajaribuji. Ikiwa umejifungia nje, usiifute seva: paneli ina konsoli, ambayo ni kama skrini na kibodi zilizochomekwa katika mashine yenyewe, nayo kwa kawaida haipiti SSH wala haizuiwi na ukuta. Ijaribu konsoli siku ya amani, ujue kama nenosiri la mtumiaji unalikumbuka, kwani pale ufunguo wa SSH haufai kitu.

Sasa nafika kwenye nakala za akiba, ambapo ningependa msomaji akae nami zaidi. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wa kampuni ya GitLab aliyekuwa amechoka na akihangaika kuirekebisha hifadhidata ya pili, alitoa amri ya kufuta saraka, kumbe yuko katika hifadhidata ya kwanza, ile iliyokuwa ikiwahudumia watu. Zilikuwa gigabaiti zipatazo 300. Alipoling'amua kosa na kuisimamisha amri, zilisalia takriban 4.5. Seva mbili hizo zilitofautiana majina kwa tarakimu moja tu, db1 na db2. Walipoziendea nakala za akiba walikuta kuwa nakala za kila siku zilikuwa hazifanyiki, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua za kuonya juu ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua pepe, hazimfikii mtu. Kilichowaokoa ni snapshoti moja ambayo mhandisi aliipiga kwa mkono saa 6 kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Kampuni hiyo, kwa insafu, iliyachapisha yote hayo hadharani, na mimi nawaheshimu kwa hilo, kwa kuwa wengine tumefaidika.

Katika kisa hicho yamo mafunzo ya paneli mengi kuliko katika miongozo ya wapangishaji. Majina ya seva yawe marefu na yenye kutofautiana hata kwa jicho la mtu mwenye usingizi: "wanachama-kazini" na "wanachama-majaribio", si "seva1" na "seva2". Kinga ya kutofutwa, ambayo paneli nyingi zinayo kama swichi ndogo isiyotazamwa, iwashwe kwa kila seva iliyo kazini. Na ujue tofauti kati ya snapshoti na nakala ya hifadhidata. Snapshoti ya seva iliyo kazini huichukua diski katika hali ambayo ingekuwa nayo umeme ungekatika ghafula. Aghalabu hifadhidata huamka salama, lakini si lazima. Kwa hiyo, pamoja na snapshoti, toa kila usiku nakala ya hifadhidata kwa programu yake yenyewe, pg_dump au mysqldump, na faili hilo lihamie kwingine.

Kwingine ni wapi? Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo zima la kituo cha data cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na miongoni mwa wateja wakawamo ambao nakala zao za akiba zilikuwa katika kituo kile kile. Wakapoteza asili na nakala kwa pamoja. Ukiunganisha moto huo na hujuma ya Code Spaces, utaona kuwa kwingine ni lazima pawe mji mwingine, na pawe akaunti nyingine, ikiwezekana ya kampuni nyingine. Na tadbiri iliyo bora ni kwamba mashine ya akiba ndiyo iende kuzichukua nakala, si seva iliyo kazini ndiyo izipeleke. Kwa njia hiyo mtu aliyeiteka seva hatakuta ndani yake ufunguo wowote wa kumfikisha kwenye akiba. Kumbuka pia kwamba kwa baadhi ya wapangishaji nakala za kila siku zinazofanywa na paneli hufa pamoja na seva inapofutwa, ilhali snapshoti hubaki.

Nakala isiyopata kujaribiwa haina hadhi ya nakala. Mara moja kila baada ya miezi mitatu, iwashwe seva mpya ndogo, irudishiwe data kutoka akiba, na mtu asiye fundi, aliyezoea kuitumia programu, aifungue na kutafuta malipo aliyoyaingiza juzi. Seva hiyo ya saa moja haitagharimu zaidi ya senti chache za dola. Katika kupanga muda wa kunakili, angalia kuwa paneli nyingi huhesabu saa kwa UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu: paneli inaposema 22:00, kwetu Afrika Mashariki ni saa saba usiku, na inaposema 05:00, foleni ya wateja asubuhi imekwisha kuanza.

Michoro ya paneli ni mizuri kutazama, lakini haioneshi yote. Kwa kuwa paneli huitazama seva kutoka nje, huona kazi ya prosesa na mtandao. Kumbukumbu iliyotumika na diski iliyojaa haivioni mpaka uweke wakala wake mdogo ndani ya seva. Na hayo mawili ndiyo yanayoangusha seva ndogo mara nyingi zaidi: diski hujazwa na daftari za matukio zisizopunguzwa, au kumbukumbu ikaisha na kiini cha Linux kikachagua programu ya kuiua, ambayo kwa kawaida ni hifadhidata, maana ndiyo iliyoshika kumbukumbu nyingi. Mweke wakala, kisha weka onyo diski inapofikia asilimia 80, na onyo liende kwa watu wawili.

Ankara nayo yataka macho. Kwa wapangishaji DigitalOcean na Hetzner seva iliyozimwa huendelea kulipiwa, kwa kuwa nafasi yake imeendelea kutengwa. Amazon huacha kutoza prosesa lakini diski huendelea kulipiwa, na tangu tarehe 1 Februari 2024 kila anwani ya IPv4 ya hadhara hutozwa dola 0.005 kwa saa, ambazo kwa mwezi wa siku 30 hufika dola 3.60. Onyo la bajeti, kwa kawaida, huonya tu, halizuii matumizi. Na wale wanaolipa kwa kadi pepe za simu, zenye kukaa na salio dogo au kubadilika tarakimu, wajue kuwa malipo yakikataliwa, seva husimamishwa, na baada ya muda ulioandikwa katika mkataba hufutwa pamoja na vilivyomo. Weka salio la miezi miwili mbele kwa mpangishaji anayekubali kupokea kabla.

Mtumishi anapoondoka, hata kwa heri na kwa karamu, siku hiyo hiyo jina lake litolewe katika paneli, ufunguo wake wa SSH utolewe katika kila seva, na tokeni alizozitengeneza zifutwe na kutengenezwa upya. Kwani kuutoa ufunguo katika paneli hakuutoi katika seva zilizokwisha kuzaliwa nao, jambo ambalo wengi hawalijui. Na seva ya zamani, inapopokewa kazi na mpya, izimwe lakini isifutwe mpaka umalizike mwezi mmoja kamili, ili zile kazi ambazo hakuna aliyezikumbuka, kama ripoti ya mwisho wa mwezi au programu ya mtu wa tawini inayoita anwani ya zamani, zipate kujitokeza kwa kushindwa. Kisha ipigwe snapshoti ya mwisho, iandikwe tarehe na sababu, kinga ya kutofutwa iondolewe, na kitufe kibofywe na mtu mmoja huku wa pili akimsomea jina la seva kwa sauti kutoka kwenye daftari.